Vitabu vipo, watoto hawasomi: maktaba ya shule ya msingi tuiendesheje?

Mwl_Sakina
Wakuu, habari za jioni. Shule yetu ni ya msingi, ya serikali, pembezoni mwa Arusha. Tuna chumba kimoja cha maktaba, vitabu vya hadithi vya Kiswahili 180 na vya Kiingereza zaidi ya 400 vya msaada. Darasa la tatu peke yake lina watoto 74. Kipindi cha maktaba ni mara moja kwa wiki, dakika 40. Wanaingia, wanaangalia picha, wanagombania vitabu vitatu vilevile, kengele inalia. Kuazima kwenda nyumbani kumezuiwa kwa sababu vinapotea. Nifanyeje wapende kusoma? Hela ni kidogo sana.

mkutubi_moshi
Mwalimu, anza na hesabu. Watoto 74 wakiingia, wakakaa, wakagombana, katika zile dakika 40 utabaki na 20 za kusoma, kwa wiki nzima. Hapo hakuna mtoto atakayenogewa. Vipeleke vitabu darasani. Gawa hivyo 180 kwenye makasha manne ya vitabu 40, vile 20 viwe akiba ya kuziba mapengo. Watoto wakisoma wawiliwawili, darasa la 74 linahitaji vitabu 37, kwa hiyo kasha moja linatosha. Likae darasani wiki mbili, kisha lihamie darasa jingine. Dakika 15 kila siku, saa ileile, mathalani baada ya uji. Mwalimu naye ashike kitabu chake. Akisahihisha madaftari muda huo, watoto wanaona kusoma ni kazi ya kuwatuliza tu.

Chumba kiachie kazi ya kuwasomea kwa sauti. Dakika 10 zinatosha, na mwalimu awe ameshaisoma hadithi mapema, la sivyo atajikwaa kwenye mazungumzo ya wahusika na utamu wote unaisha. Akate pale panaponoga, kitabu akiache mezani. Swali liwe "unadhani sasa atafanya nini?", lisiwe la kutafuta nomino. Na muhtasari usidai kabisa. Mtoto akijua kila kitabu kina zoezi mwishoni, atachagua chembamba kuliko vyote.

Jingine: majalada yatazame mbele. Vitabu vyetu vya watoto ni vyembamba, mgongoni hakuna hata jina, ukivipanga kama matofali havijulikani. Nunua pazia zito la mtumba soko la Kiboriloni (huko kwenu soko la Kilombero), shona mifuko ya ukutani yenye upana wa sm 25 na kina cha sm 12, jalada lichungulie. Mstari wa juu usizidi sm 120 kutoka sakafuni. Usivitundike kwenye kamba, vinachanika kwenye pini.

kkk_tengeru
Naongezea kuhusu ngazi za ugumu wa vitabu, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Ile kanuni ya vidole vitano, mtoto anakunja kidole kwa kila neno lililomshinda ukurasani, kwa Kiswahili inadanganya. Akishajua silabi anatamka ukurasa mzima kama maji na hakuna alichoambulia. Mwambie akunje kidole kwa neno *asilojua maana yake*. Vidole viwili au vitatu, sawa. Vitano, kitabu bado kigumu.

Angalia pia urefu wa maneno. "Hawakumfungulia" ni neno moja lenye silabi nane. Anayesoma silabi moja moja akifika mwisho ameshasahau kuwa lilianza kwa kukanusha. Kwa hiyo panga kwa alama za rangi hivi: nyekundu, sentensi moja au mbili kwa ukurasa, maneno mafupi; njano, sentensi tatu hadi tano; kijani, aya na sura. Alama ibandikwe ndani ya jalada la nyuma, isionekane kwa mbali. Mtoto wa darasa la tano aliyeshika nyekundu mbele ya wenzake hatashika tena. Halafu usimkatalie anayetaka kijani ilhali hakiwezi, mwache ahangaike nacho.

BabaNeema_Pasua
Wote mmeruka suala la kuazima. Kitabu kisichofika nyumbani hakimjengi msomaji, na mdogo wake hakioni. Vinapotea kwa sababu ya rekodi, si watoto. Daftari moja, safu tano: namba ya kitabu, jina, darasa, tarehe ya kutoka, ya kurudi. Viazimwe Ijumaa, virudi Jumanne. Viranja wanne wa la tano na la sita waandike. La saba waacheni, Septemba wana mtihani. Faini msitoze: mzazi akitozwa mara moja atamkataza mtoto kubeba kitabu tena.

Masika vinaloa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, basi kateni viroba vya unga vya kilo 25, kimoja kinatoa vibegi vinne. Kwa mvua kubwa havifui dafu, kwa manyunyu na matope vinatosha. Pini za vitabu zikianza kutu zitoeni, toboeni matundu matatu, shoneni kwa shazia na uzi wa nailoni. Selotepu hapana, inakauka, inakuwa njano na kung'oka na karatasi.

Mwl_Sakina
Asanteni sana. Na vile 400 vya Kiingereza? Mwalimu mkuu pia anapendekeza zawadi kwa aliyesoma vingi.

mkutubi_moshi
Zawadi kwa idadi itakuletea mabingwa wa kufunua kurasa. Afadhali kibandiko ukutani ambapo mtoto anaandika mstari mmoja: kitabu gani, na nani mwingine akisome. Watoto wanasikilizana kuliko wanavyotusikiliza.

Vya Kiingereza, bakiza vyenye picha kubwa na maneno machache, mwalimu anasimulia kwa Kiswahili akionyesha picha. Vyenye maandishi mengi wape la sita na la saba wajaribu, visivyoguswa muhula mzima viulizeni sekondari ya kata kama wanavitaka. Ila vilivyoingizwa kwenye leja ya mali ya shule haviondoki bila kibali, mkaguzi atavidai.

Vya Kiswahili kuongeza: tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili za kuchapa bure. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kitabu cha kurasa 16. Hizohizo tupu wapeni la nne na la tano waandike na kuchora hadithi zao, mzishone, mzipe namba, ziingie kwenye kasha pamoja na vingine. Hivyo ndivyo vitakavyogombaniwa, kwa hiyo tengenezeni nakala mbilimbili.