Stika Imefutika: Gumzo la Majirani wa Korti, Buruburu

*Ijumaa*

Mama Neema, 18:42
Hamjambo majirani. Laptopu yenye hesabu za korti yetu ya makazi imegoma. Nikiiwasha vidoti vinazunguka tu, haifiki popote. Fundi wa mjini amesema lazima Windows iwekwe upya. Ameigeuza, akaona stika ya chini imefutika, akasema bila zile namba za leseni ninunue ufunguo mpya, 3,500, ama aniwekee ya kraki, isiyo na leseni halali, kwa 500. Nimerudi nayo nyumbani kwanza. Mnanishauri nini?

Baba Tito, 18:45
Pole sana. Rekodi za maji na za walinzi ziko humo?

Mama Neema, 18:46
Zote. Za mwisho kuwatumia hapa ni za Machi.

Kevo Nyumba 14, 18:51
Habari ya jioni Mama Neema. Tafadhali usilipe. Na hiyo kraki usiikubali hata ukipewa bure. Kabla haijagoma ilikuwa Windows 10? Ilikuwa inakuandikia pale chini kulia kwamba uiamilishe (activate)?

Mama Neema, 18:53
Windows 10 ndiyo. Maandishi hayo sijawahi kuyaona.

Kevo Nyumba 14, 18:57
Basi leseni unayo. Windows 10 ikishaamilishwa, Microsoft wanaitunza kumbukumbu ya mashine yenyewe kwenye seva zao. Ukiiweka upya kwenye mashine ileile, ikipata intaneti itatambuliwa. Stika haiulizwi. Ila niambie, mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imewahi kubadilishwa?

Mama Neema, 18:59
La. Niliongezewa RAM, na diski ya zamani ikatolewa ikawekwa SSD.

Kevo Nyumba 14, 19:00
Hizo hazina neno. Mazabodi ndiyo ingetusumbua.

Mama Neema, 19:08
(picha)
Nimeimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, kuna herufi zinaonekana. Ya tatu ni O ama Q?

Kevo Nyumba 14, 19:13
Ni Q. Funguo za Windows 7 zina herufi na tarakimu 25, na ndani yake hakuna O wala sifuri, hakuna I wala 1, hakuna S wala 5. Lakini B na 8 zote zimo, G na 6 pia, na hizo zikichakaa ni shida kuzitofautisha. Usijiumize macho. Angalia juu ya stika, pale hapajafutika: Windows 7 Pro, ndiyo iliyokuja nayo kabla ya kupandishwa hadi Windows 10. Hilo neno Pro ndilo tunalolitaka. Kesho itatuuliza toleo. Mtu akichagua Home wakati leseni yake ni ya Pro, haiamiliki, halafu anaambiwa leseni imekufa na kumbe iko.

Mama Mwende, 19:20
Kevo, mimi hiyo ya kraki ndiyo niliyowekewa na inafanya kazi vizuri. Ubaya wake ni upi?

Kevo Nyumba 14, 19:26
Mama Mwende, programu nyingi za kukraki hukutaka uzime antivairasi kwanza. Umeshamfungulia mlango mtu usiyemjua, na humo ndimo unaingilia eCitizen, iTax na benki. Anaweza kusoma kila neno la siri unaloandika. Inaniuma kuona watu wanauziwa hatari hiyo kwa 500, tena kwenye mashine ambayo leseni yake ilishalipiwa. Hata funguo za bei ya kutupa mtandaoni, nyingi zilitolewa kwa makampuni. Zikigunduliwa zinafungwa, na pesa yako imeenda.

Mama Mwende, 19:29
Haki nilikuwa sijui. Nitakuletea yangu uiangalie.

Mwalimu Nyumba 6, 19:34
Yangu ina stika ya Windows lakini haina namba hata moja. Nilidhani niliuziwa feki.

Kevo Nyumba 14, 19:39
Si feki, Mwalimu. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji walianza kuuweka ufunguo ndani ya baiosi, ile programu ndogo ya kuamsha mashine, kwenye mazabodi. Ukiweka upya toleo lilelile, inajisomea yenyewe. Ukitaka kuuona, fungua cmd, lile dirisha la amri, uandike:
wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey

Mwalimu Nyumba 6, 19:47
Umetoka! Ngoja niubandike hapa mthibitishe.

Kevo Nyumba 14, 19:47
Usiubandike Mwalimu! Kundi hili lina watu wengi. Andika kwenye daftari.

Mwalimu Nyumba 6, 19:49
Sawa, nauandika.

Baba Tito, 19:55
Na hizo hesabu? Si zitafutika Windows ikiwekwa upya?

Kevo Nyumba 14, 20:02
Ndiyo maana tunazitoa kwanza. Nina flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine usio Windows, inawaka bila kugusa chochote kwenye diski. Tutafungua folda zake, tunakili kila kitu kwenye diski ya nje. Mama Neema, kama diski ilifungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows, tutahitaji namba ya tarakimu 48, mara nyingi iko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Tafuta pia flashi tupu ya 8GB kwenda juu. Windows nitaipakua kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, Wi-Fi yangu inatosha.

*Jumamosi*

Mama Neema, 11:16
Diski haikuwa imefungwa. Hesabu zote zimetoka, hadi risiti za bauza la maji. Baba Tito nimekutumia nakala, na nyingine nimeweka kwenye Drive.

Baba Tito, 11:18
Imefika na inafunguka. Asante sana Kevo.

Kevo Nyumba 14, 11:20
Sasa ndiyo nafuta. Ikiomba ufunguo nabonyeza maandishi madogo ya chini, yale ya kusema huna, kisha nachagua Pro.

Mama Neema, 12:34
Imewaka! Tumeunganisha Wi-Fi, tukafungua ukurasa wa uamilishaji, imeandika imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali. Hakuna namba tuliyoandika.

Mwalimu Nyumba 6, 12:37
Hongereni. Lakini nilisikia Windows 10 iliachwa?

Kevo Nyumba 14, 12:44
Kweli, msaada wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, mtu anajiandikisha kwa akaunti ya Microsoft. Prosesa ya laptopu hii ni ya zamani, Windows 11 haiikubali. Baada ya hapo mimi ningeiwekea Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows. Haina ufunguo wala malipo, na LibreOffice inafungua faili za Excel.

Mama Neema, 12:46
Na hapo kwenye kujiandikisha ni wapi?

Kevo Nyumba 14, 12:47
Mipangilio, kisha masasisho ya Windows. Acha kwanza imalize kupakua yaliyopo, kiungo kitatokea hapo.

Mama Neema, 13:31
Kimetokea. Nimejiandikisha.