Kaniuliza mbele za watu "Kijana, picha hii umeichora lini?" WALLAHI NACHEMKA

Nguzo_Nne:
Asalam aleikum. Ustaarabu wangu kwenye uzi huu unaishia hapo, mana nimetoka mkutanoni sasa hivi, hata viatu sijavua.

Yule bwana mnamjua. Wa kalamu tatu mfukoni, seva, ile kompyuta inayotoa data, kaikamata kama ufunguo wa ghala la babake. Simtaji. Leo mbele ya watu wazima, wengine wamepanda boti ya asubuhi kutoka Pemba, nimewasha projekta niwaoneshe chati ya karafuu. Micheweni, Wete, Chake, Mkoani, nguzo nne, kilo zikiingia mizanini chati ijisogeze yenyewe. Nikabonya. Kimya. Nikabonya tena. Imetulia kama paka wa Forodhani alieshiba pweza.

Ndo akaegemea kiti, akanambia: "Kijana, picha hii umeichora lini?"

Umeichora lini! Watu wakacheka. Hata alokuwa akimimina kahawa kacheka mpaka kamwagia watu.

Na nani aloniharibia? Wiki nzima huyo huyo ananiletea namba zimevishwa alama za kunukuu, kila moja na kanzu yake. Namba ya namna hiyo JavaScript, lugha ninayoandikia ukurasa, haiijumlishi, inaiona neno, inaibandika tu. 412, 389, 530, 207, jumla ikatoka 412389530207. Kilo bilioni 412 za karafuu! Kisiwa kingezama mpaka minarani. Nguzo ya jumla imetoboa dari, wilaya nne zimelala chini kama mikeka. Nikamwambia, akanijibu "namba ni namba". Basi nikakaa kuzipitisha kwenye Number() moja moja, ziwe namba za kweli. Hayo nshamsamehe. Lakini umeichora LINI? Mie nilokesha usiku tatu?

Kahawa_Chungu:
Pole sheikh. Namjua. Mie tovuti yangu kaiangalia akauliza kama rangi imekauka.

Mtoto_wa_Darajani:
Hahahaaa bilioni 412. Weka ulichoandika tukione.

Nguzo_Nne:
Sikuja kukaguliwa, nimekuja kulalamika. Haya, data ikija naandika: kilo = mpya; Kuna kosa gani hapo? Mtu mzima anakaa anasema umeichora lini!

Bi_Konsoli:
Ndugu yangu, hapo umehamisha jina tu. Chart.js, hiyo programu inayokuchorea chati, imeshika ile safu ya namba ya mwanzo, haijui kama weye una safu nyengine mfukoni. Itie ndani ya chati.data.datasets[0].data, kisha chati.update() ijichore upya. Bila ya hivyo, samahani, ni picha.

Mtoto_wa_Darajani:
😂😂 Kumbe bwana wa kalamu tatu alisema kweli.

Nguzo_Nne:
Na weye Bi Konsoli? Haya. Nshaweka update. Haijasogea.

Fundi_Simu_Mkunazini:
Achana na update. Mie kila data ikija natengeneza chati mpya.

Bi_Konsoli:
Juu ya kanvasi ile ile? Bila ya destroy() kwanza, kuiondoa chati ya zamani, itakugomea, ikwambie kanvasi ina mwenyewe. Nguzo_Nne, hiyo update umeiweka wapi? Kama iko nje ya fetch, ile amri inayokwenda kuleta data kwenye seva, unasasisha data haijafika. Ni kama umekwenda bandarini kupokea mgeni saa moja, boti inatia nanga saa tatu, umerudi nyumbani unatangaza mgeni hakuja.

Mpemba_Mtoro:
Usinitajie boti dada. Juzi nimengoja bandarini mpaka nimemaliza bakuli tatu za urojo na mtoto wa mwenzangu nshambembeleza akalala.

Kahawa_Chungu:
Nyie mnalia na karafuu. Mteja wangu wa Nungwi kataka chati ya duara, wageni wa nchi 31, kila nchi na rangi yake. Nikampa. Akasema rangi nyingi mno, zote ziwe buluu kama bahari, lakini kila mtu aijue nchi yake.

Fundi_Simu_Mkunazini:
Mpe duara moja la buluu, mwambie ni bahari yenyewe.

Mtoto_wa_Darajani:
Mpemba, urojo wa bandarini ule? Yale maji ya ndimu?

Mpemba_Mtoro:
Kheri hayo ya ndimu kuliko huo wenu wa unga mtupu, mtu anatafuna.

Nguzo_Nne:
Jamani huu uzi wangu. Yule bwana kanidhalilisha.

Kahawa_Chungu:
Urojo mzito ndo urojo. Mwepesi ni supu ya mgonjwa.

Nguzo_Nne:
IMESOGEA. Saa nane za usiku, update iko ndani ya fetch, nguzo ya Wete imeinuka peke yake naiangalia! Mke wangu nimemwamsha aje aone, kanifukuza.

Mtoto_wa_Darajani:
Mashallah. Umeichora lini?

Mpemba_Mtoro:
Mwacheni akalale. Hebu nambieni, bajia za urojo huko mjini mnatia dengu au kunde?