Tupeane uzoefu: walinzi wasioonekana wa miti yetu

Ndugu zangu wa Bukavu na wa vijiji vya jirani, hodi. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba hamadriadi, yaani roho wa kike aishiye mtini, huzaliwa pamoja na mti wake, huulinda, na hufa siku mti huo unapoangushwa. Nilipokisoma kisa hicho sikukiona kigeni hata kidogo, kwa kuwa nimelelewa Kabare. Naomba kila mmoja aeleze alichokiona mwenyewe. Ya kusikia tuyaache.

Naanza mimi. Koko yangu, yaani mzazi wa mzazi wangu, alipohitaji gome la mwamba-ngoma kwa ajili ya dawa, alimwaga kasiksi (pombe ya ndizi) kidogo kwenye shina, akagonga mara mbili kwa mgongo wa panga, kisha akasimama kimya kama mtu aliyefika mlangoni kwa watu na kuwakuta wanakula. Baada ya hapo alibandua kipande kisichozidi kiganja, upande mmoja tu, akaziba jeraha kwa udongo. Aliniambia kwamba mwenye mti hukasirika ukizungushiwa kisu. Nilikuja kujua baadaye kwamba mti uliobanduliwa gome pande zote hufa kweli.

Mchangiaji wa Kadutu
Asante, ndugu. Mimi nimeuza makala, yaani makaa ya kupikia, miaka mingi, kwa hiyo mnisamehe nikisema bila kupamba. Mwamba-ngoma ndio mti wa Lyangombe, yule mwindaji wa masimulizi aliyeuawa na nyati, na majirani zetu Wanyarwanda huuita umurinzi, yaani mlinzi. Ninauheshimu. Hata hivyo mbao zake ni nyepesi na hazitoi makala ya maana, hivyo mzimu aliyekabidhiwa mti huo alipewa kazi rahisi. Miti yenye makala mazito sijawahi kuona mtu akiipigia hodi, na mimi mwenyewe, nasema kwa aibu, sikuipigia.

Mchangiaji wa Miti (ndiyo, kijiji chetu kinaitwa hivyo, kwenye barabara ya kwenda Tshivanga)
Mama wa Kadutu amesema kweli, lakini si yote. Juu ya chemchemi yetu ulikuwepo mkuyu ambao wazee walikataza hata kuokota kuni chini yake. Baba yangu mdogo, ambaye alikuwa ameokoka na aliona makatazo hayo kuwa ushirikina, aliukata ili apande mikaratusi. Nilikuwepo: msumeno ulibanwa na shina mara tatu, na kila mara vijana walirudi nyuma wakitazamana. Kiangazi kilichofuata maji yalipungua hata tukawa tunakinga kwa kikombe. Baba mdogo alisema ni mikaratusi inayokunywa maji. Mke wake alisema mwenyeji amehama. Sikuona kwamba walikuwa wakibishana.

Mwanzisha mada
Nashukuru. Milima ya Kahuzi na Biega iliwekwa chini ya hifadhi ya taifa mwaka 1970, na tangu hapo mlinzi wa msitu huvaa sare na kubeba bunduki. Ndugu wa Miti, naomba utujibu jambo moja: je, pale kwenye kisiki cha mkuyu pamechipua kitu?

Mchangiaji wa Miti
Pamechipua. Vitawi vinne, na kuna mtu ambaye hatumjui anayevizungushia miiba.