Naenda Ndutu kupiga picha za wanyama Februari, lenzi ya 75-300 inatosha au nikodi kubwa?

Kijana_wa_Tabata:
Wakuu habari za humu. Mwezi wa pili tunaenda Ndutu na wenzangu wa kazini, tumechanga tumekodi Land Cruiser ile ya kufunguka paa, tukitoka huko tunapitia Seronera, katikati ya Serengeti, ndo tunarudi Arusha. Nina Canon ya kawaida ya kuanzia na lenzi mbili, ile ya 18-55 iliyokuja nayo na 75-300 niliyonunua kwa mtu (hizo ni milimita, namba ikiwa kubwa inavuta mbali zaidi). Nimekuwa nikipiga send-off na birthday tu, mnyama sijawahi. Kuna jamaa ananikodisha 150-600 ila bei yake kwa siku inauma kwelikweli. Je nikodi au niende hivihivi? Na settings nitumie zipi? Pia nataka sana picha ya nyumbu wakivuka mto na mamba, hiyo nikae upande gani?

lenzi_na_ugali:
Mto sahau mkuu. Nyumbu kuvuka Mara ni huko kaskazini Kogatende, kuanzia Julai hadi kama Oktoba. Februari wako kusini wanazaa. Usisikitike lakini, kwa mpiga picha mimi naona kuzaa ni bora kuliko mto. Nyasi za kule ni fupi kwa sababu udongo ni wa majivu ya volkano, chini kuna tabaka gumu mizizi haipiti, basi duma unampata mzima mpaka kucha, wakati Seronera miezi hiyo unapata masikio mawili yanachungulia kwenye majani.

Lenzi: kamera yako ni crop ya 1.6, yaani sensa yake ni ndogo, kwahiyo 300 inavuta kama 480 kwenye full frame, zile za sensa kubwa, si haba. Shida ya hizo 75-300 picha zinakosa ukali ukivuta mpaka mwisho, rudi kidogo kwenye 250 na ufunge tundu la lenzi mpaka f/8 utaona tofauti. Kama hela ipo kodi hiyo kubwa, kama utalazimika kukopa acha.

Dereva_Njiro:
Nimezeekea kwenye hiyo kazi ya udereva guide naomba niongee kidogo. Kila mgeni anakuja anauliza lenzi, hakuna anayeuliza gari litasimama wapi. Picha nusu yake inapigwa na dereva wako mdogo wangu. Kaa naye jioni ile ya kwanza kabla hamjalala, mwambie mimi napiga picha, nataka jua liwe mgongoni kwangu, na tukimpata mnyama tuzime injini. Injini ikiwaka gari zima linatetema hata uwe na lenzi ya milioni kumi picha itacheza. Na wenzako wa ofisini wakubaliane wasirukeruke humo ndani, hapo ndipo ugomvi unapoanzia, mmoja anapiga picha mwingine anahama dirisha.

Muda nao. Jua kule linachomoza karibu na saa moja, na huku kwetu linapanda haraka, mkinywa chai ya kujivuta lodge mpaka saa mbili na nusu mwanga mzuri umeshaondoka. Bebeni breakfast box mkale porini. Mchana usimpige mnyama wa mbali, ardhi inatoa joto picha inakuwa kama umepigia juu ya jiko, hiyo hakuna lenzi inayoitibu. Ngorongoro kreta watu wanalia na faru kwa sababu hiyohiyo, yuko mbali halafu ni saa sita.

Kingine, Ndutu upande wa Ngorongoro msimu huo magari huruhusiwa kutoka nje ya njia, ukivuka kuingia Serengeti hairuhusiwi. Usimshawishi dereva kwa elfu ishirini amfuate chui kwenye majani, faini itamkuta yeye na kibali chake, wewe utakuwa ushafika Tabata.

MaraBoy_254:
Huyo mzee amesema ukweli. Huku kwetu Masai Mara sheria ni magari matano kwa simba au duma mmoja lakini siku za Agosti utaona magari yamejaa kama stage ya matatu, na duma yeye anawinda mchana, akizungukwa hivyo anakosa chakula na watoto wanalala njaa. Picha yenyewe pia inakuwa mbaya, nyuma ni mabati na kofia za watalii. Afadhali ukae mbali umngoje, akiamka atatembea na mara nyingi atakuja upande wako.

Settings sasa: mnyama anayekimbia spidi ya shata 1/1000 ya sekunde kwenda juu, ndege 1/2000. ISO (uwezo wa kamera kushika mwanga) usiogope kuipandisha, chenga zinazotokea kwenye picha zinaweza kupunguzwa kwenye simu au laptop, picha iliyocheza haina dawa. Fokasi jichoni, point moja ya katikati. Chui akiwa juu ya mti na mbingu nyeupe nyuma, ongeza exposure (mwanga wa picha) +1 la sivyo utarudi na kivuli cheusi chenye mkia. Nyumbu ni kinyume, ni mweusi kamera inadanganyika inamweka wa kijivu, punguza kidogo.

Kabla hujaenda simama barabarani ufuatilie kwa kamera bodaboda zikipita. Ukiweza boda utaweza swala.

mama_wa_picha:
Na vumbi jamani mbona hamsemi?? Usibadilishe lenzi garini hata kidogo. Chukua foronya ya mto uiingize kamera humo mkiwa mnatembea, maana mifuko ya plastiki tangu Juni 2019 ni marufuku, na ununue brashi mpya ya kupaka rangi ile ndogo ya dukani kwa kupangusia. Stendi ya kamera acha nyumbani, garini haina pa kukaa. Mimi nashona kimfuko cha kitambaa cha jeans najaza maharage nalaza lenzi juu ya paa la gari, kinatulia kuliko mkono. Na droni usithubutu, hifadhini bila kibali unanyang'anywa.

Kijana_wa_Tabata:
Aisee asanteni sana, kumbe mto ni Julai. Nimeamua sikodi, naenda na 75-300 na maharage ya mama 😂 Swali la mwisho, betri nachaji wapi? Ninazo mbili tu.

Dereva_Njiro:
Uliza kampuni leo kama gari lina inverter, kile kifaa cha kugeuza umeme wa gari uwe wa kuchajia, usisubiri mfike geti. Kambi nyingi umeme ni wa sola au jenereta, usiku inazimwa. Beba extension ya matundu manne, wenzako wote watakuwa na simu.

lenzi_na_ugali:
Na memori kadi ongeza. Nyumbu wakianza kuzaa utabonyeza mpaka kidole kife ganzi, ndama anasimama dakika chache tu baada ya kudondoka, usiwe unafuta picha wakati huo.