Posey, Rutschman au Skenes: chuo kilimjenga nani zaidi?

Mjomba wa Minnesota:
Wakuu, salaam. Mpwa wangu anamaliza sekondari mwakani. Anacheza besiboli, nafasi ya shotistopu, pale kati ya beisi ya pili na ya tatu. Kocha wa chuo kimoja anamtaka, ila awe mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Kijana amenuna wiki nzima. Nimemwekea mezani majina matatu ya waliopitia chuo hadi ligi kuu ya besiboli ya Marekani: Buster Posey, Adley Rutschman na Paul Skenes. Wote walitoka sekondari bila timu kubwa kuwagombania. Mimi naegemea kwa Posey. Nyie mnaonaje?

Mama Houston:
Posey, bila kufikiri mara mbili, kwa sababu yeye ndiye kesi ya mpwa wako hasa. Mwaka 2005 kwenye drafti, yaani timu za ligi kuu zinapochagua vijana kwa zamu, wanaotakiwa zaidi kwanza, timu ya Angels walimchagua raundi ya 50 akitokea Lee County High School, Georgia. Hakusaini, akaenda Florida State kama shotistopu. Mwaka wa pili makocha wakamhamishia kwenye udakaji. Msimu wa 2008 akapiga wastani wa .463 (karibu mapigo 46 yaliyofanikiwa kwa kila majaribio 100) na hom rani 26, yale mapigo ya kuvusha mpira nje ya uwanja. Mei 12 mwaka huohuo, dhidi ya Savannah State, alicheza nafasi zote tisa katika mechi moja, hadi kurusha mpira, na akapiga hom rani beisi zote zikiwa zimejaa! Giants wakamchukua wa tano kwenye drafti.

Kipa Mkongwe:
Mkuu, usimfiche kijana ugumu wa kazi yenyewe. Mwanangu ni mdakaji. Baada ya mechi namkuta kwenye ngazi, barafu magotini, kidole gumba kimevimba, kinga za miundi bado hajavua. Ananisimulia kila mpira uliorushwa, nani aliomba upi na kwa nini. Ndiyo raha yake: uwanja mzima unamtazama yeye, na yeye peke yake anawatazama wote.

Kwa hiyo nampa Rutschman. Mariners walimchagua raundi ya 40 mwaka 2016, akaenda Oregon State, na kule akawa mpiga mpira kwa mguu kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani pia. Mwaka wa kwanza besiboli ilimtesa, wastani wa .234. Mwaka uliofuata .408, halafu Omaha kwenye fainali za vyuo akapata hiti (mapigo ya kumfikisha beisi) 17, rekodi ya mashindano, wakabeba ubingwa. 2019 Orioles wakamchagua wa kwanza kabisa. Kijana aone ule mwaka wa kwanza. Na yeye atakuwa nao.

Mdau wa Baton Rouge:
Naheshimu wote, lakini jamani, Skenes! Ametoka El Toro High School, California, akaenda chuo cha Jeshi la Anga, akidaka na kurusha. Mwanafunzi wa pale akianza mwaka wa tatu anafungwa na utumishi jeshini, hivyo akahama kabla. Alipofika LSU, chuo kikuu cha Louisiana, akaacha kudaka. Msimu wa 2023 aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki tatu, yaani walishindwa kuupiga mpira wake, akivunja rekodi ya ligi ya vyuo ya SEC ya mrushaji Ben McDonald, 202, ya tangu 1989. Nusu fainali dhidi ya Wake Forest alirusha awamu nane bila kuruhusu hata mkimbio (pointi) mmoja, tukashinda 2-0 katika awamu ya 11. Pirates wakamchukua wa kwanza.

Mama Houston:
Ndugu yangu, huyo aliuacha udakaji. Mjomba anauliza kuhusu kijana anayeuingia.

Mdau wa Baton Rouge:
Kweli, dada. Ila ona kwamba miaka miwili ya kudaka haikumpotezea chochote. Tena akiingia chuo cha miaka minne, drafti itamsubiri mpaka amalize mwaka wa tatu au afike miaka 21. Ana muda wa kujaribu na kurudi.

Mjomba wa Minnesota:
Ahsanteni sana. Nimemsomea yote jikoni. Ya Posey alisikiliza kimya, ya Rutschman na ule wastani wa .234 ndiyo aliyoniomba nirudie. Bado hajamjibu kocha. Ila Jumamosi ameniomba tukatafute glavu ya mdakaji, ile nene ya duara.