Kesi za watoto tunazopeleka kata hazirudi na majibu. Nianzie wapi?

Mama Shani: Wakuu, naombeni ushauri. Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya mtaa wetu, hizi zilizokuja na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Tangu Januari tumepeleka kata kesi 6, tumejibiwa moja. Kuna moja inaninyima usingizi. Binti wa miaka 9, analelewa na ndugu. Tulimkuta bombani saa nne asubuhi, siku ya shule, na ndoo ya lita 20. Nilipomsalimia akauficha mkono wa kushoto ndani ya upande wa khanga. Nyuma ya kiganja ana vidonda 3 vya moto, vya duara, vimelingana. Fomu tulimkabidhi mtendaji, leo wiki ya 5. Naambiwa afisa ustawi wa jamii hana usafiri. Nataka diwani alibebe hili, ila naogopa kumwanika mtoto.

Mtu wa Kilosa: Dada, mtoto bado analala nyumba ile? Kama ndiyo, achana na diwani kwanza. Nenda leo hii Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na upige 116, ni bure.

Babu Juma: Mambo ya ukoo yamalizwe na ukoo. Polisi watavunja familia.

Wakili Mdogo: Hapana mzee wangu. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa husika. Na cha 94 kinaibebesha halmashauri yenyewe jukumu la kulinda watoto wa eneo lake, siyo afisa mmoja. Mama Shani, mwandikie Mkurugenzi wa halmashauri barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Diwani Mstaafu: Ukimwambia diwani "ustawi hawafanyi kazi", atajibiwa "tunalifanyia kazi" na limeishia hapo. Mpe maswali ya namba. Robo hii zimepokelewa kesi ngapi? Zimefungwa ngapi? Iliyokaa zaidi ina siku ngapi? Ustawi walitengewa shilingi ngapi, na zilizotoka kweli ni ngapi? Aanzie kwenye kamati ya kudumu inayosimamia huduma za jamii, huko ndiko wakuu wa idara hubanwa. Kwenye baraza la madiwani, kila miezi 3, mnaruhusiwa kuja kusikiliza, basi njooni. Jina la mtoto, shule, mtaa, visitamkwe kabisa. Namba ya jalada inatosha.

Ustawi Pembezoni: Mimi ni afisa ustawi, halmashauri nyingine. Nina kata 7, pikipiki sina. Maswali hayo yananisaidia, maana fungu letu likikatwa hakuna anayesimama kututetea. Lakini mtoto mwenye majeraha ya moto kusubiri wiki 5, hilo sina la kulitetea. Huyo unamfuata hata kwa miguu.

Mama Shani: Nimerudi. Jana tulikwenda Dawati na binti. Askari wa kike alikaa naye chini, kwenye mkeka, wawili tu, karibu saa nzima. Alipotoka mkono ulikuwa nje ya khanga. Amepelekwa hospitali, na usiku amelala kwa bibi yake mzaa mama. Barua ya Mkurugenzi imegongwa muhuri. Kesho saa mbili naonana na diwani, nampelekea namba za majalada 4 yaliyobaki.