Nimekwama kwenye gemu za dakika tatu na nina siku kumi tu, naombeni ushauri

Farasi Mweusi
Habari za jioni wakuu. Mimi sio mwandishi, mtanivumilia.

Nacheza chesi Lichess, ile tovuti ya chesi, tangu kipindi kile cha korona, 2020. Gemu yangu ni ya dakika 3 kwa kila mchezaji kwa gemu nzima, bila nyongeza ya sekunde. Mwaka wa pili huu nazunguka palepale: leo pointi 1540, kesho 1480, keshokutwa 1555 naanza kujiona grandimasta, usiku wake narudishwa 1470.

Staili yangu ni kushambulia. Nikishika nyeupe nacheza gambiti ya mfalme, yaani hatua ya pili tu nishamtoa sadaka yule askari wa mbele ya askofu wa upande wa mfalme. Ikibidi natoa na farasi. Watu wanachanganyikiwa, ikifika hatua ya 20 mfalme wao yuko barabarani hana hata kandambili. Tatizo, hapo mimi nimebakiza sekunde 15 na mwenzangu ana dakika nzima.

Jana usiku nilikuwa na malkia na ngome, yeye kabaki na mfalme. Nikafungwa kwa kuishiwa muda. Simu niliirusha kitandani ikadunda ikaanguka sakafuni, protekta imepasuka.

Nifanye nini niwe na kasi ndani ya siku kumi? Msiniulize kwa nini siku kumi.

Kibokoboko
Kwa nini siku kumi?

Drafti Kwanza
Chesi ni mchezo wa watu wenye muda wa kuangaliana. Kijiweni kwetu Manzese kulikuwa na mzee mmoja anacheza drafti kwa vizibo vya soda huku anamenya muhogo. Ubao haangalii, anaangalia muhogo. Ukichelewa anakuuliza, "Unacheza au nikuchezee?" Siku moja alinipiga gemu kumi na moja mfululizo, baiskeli yangu ikalala kwake siku mbili. Huyo ndiye mwenye kasi. Saa hana, na simu yake ya tochi.

Mwalimu wa Zamu
Mkuu Farasi, kasi haiko kwenye vidole. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, Chase na Simon, waliwaonyesha watu ubao wa chesi kwa sekunde 5, kisha wakawaambia waupange upya kwa kumbukumbu. Bingwa aliupanga sehemu kubwa, mchezaji mchanga akaambulia kete chache. Halafu wakazimwaga kete ovyo, zisifanane na gemu yoyote. Bingwa akawa karibu sawa na wengine. Kwa hiyo bingwa hawazi haraka kuliko wewe. Anaitambua sura ya ubao kwa sababu alishaiona mara nyingi.

Sasa fanya hivi. Fungua gemu zako 20 za mwisho ulizofungwa, ziombee uchambuzi, kuna grafu inaonyesha kila hatua imekula sekunde ngapi. Nabashiri utakuta hatua moja imekula sekunde 40, na ni palepale unapotoa farasi wako sadaka. Unakaa unajiuliza mara tatu kitu ambacho mwishowe unakifanya tu.

Na hiyo gambiti: mpinzani akijibu hatua ya kwanza kwa c5 au c6, yaani askari wa safu ya c (safu zina herufi, mistari ina namba), inakuwa haipo tena. Hapo unacheza nini?

Msee wa Rongai
Niaje wasee. Mimi huchezea kwa matatu nikitoka job, so nishapoteza gemu nyingi kwa network kuliko kwa akili. Kile kilinisaidia ni kuhama 3+0, dakika tatu bila nyongeza, nikaenda 3+2, ndio ile hata mabingwa wa dunia hutumia kwa blitzi, yaani chesi ya haraka. Hizo sekunde mbili kila hatua si mchezo. Ukiwa na malkia na ngome hakuna mtu atakutoroka. Bobby Fischer, yule bingwa wa dunia wa zamani, ndiye alikuja na hiyo saa ya kuongeza muda, akaitumia 1992 akirudiana na mpinzani wake wa zamani, Spassky. Alikuwa mtu wa vituko lakini hapo alitusaidia.

Farasi Mweusi
Asanteni sana. Mwalimu, umenipiga palepale. Nimeangalia gemu sita, kuna moja nimekaa sekunde 52 kwenye hatua ya 14. Na wakinijibu c5 kwa kweli naanza kubuni.

Msee, 3+2 haiwezekani. Masharti yameshawekwa, ni dakika 3 kavu.

Kibokoboko
Masharti ya nani? Haya, sasa tunaanza kuelewana.

Bin Seif wa Maskati
Assalam alaykum. Wanangu, mimi mtu wa Unguja, niko Maskati mwaka wa 19 huu. Huku malkia wanamwita waziri, na huyo askofu wenu wao ni fili, tembo. Nilipoanza kucheza na vijana wa huku nilikuwa nikimtafuta malkia ubaoni wananicheka.

Lakini nimewaza jambo. Sataranji ina vyumba 64 na kete 32. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Tazama ilivyogeuka! Marehemu baba yangu alikuwa bado yumo kwenye namua, awamu ya kwanza ya bao, mtaji ambayo ndiyo ya pili haijaingia, ashakwambia nyumba yako, lile shimo lako kuu, italiwa vipi. Hakuwahi kupimiwa dakika. Ila watu nyuma yake walikuwa wakimpigia kelele, na kelele ni saa pia.

Farasi Mweusi
Shikamoo mzee Bin Seif. Hiyo ya 64 na 32 sikuwahi kuiwaza.

Kibokoboko, ni mechi tu na jamaa mmoja mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Jumamosi ya wiki ijayo, gemu kumi. Kawaida tu, ya heshima.

Mama Nasra
Heshima haina masharti mdogo wangu. Mmewekeana shilingi ngapi?

Farasi Mweusi
Dada yangu, hilo sio swali nililouliza.

Mama Nasra
Najua. Ndio maana nimeliuliza mimi.

Farasi Mweusi
Laki mbili mbili. Anachukua mmoja zote. Mshika fedha ni mtu tunayemwamini wote, nishampa laki moja ya mwanzo.

Kabla hamjanirukia: mtandaoni tumecheza na huyu jamaa mara kumi na nimempiga sita. Sio kamari, ni hesabu.

Drafti Kwanza
Baiskeli yangu nayo ilikuwa hesabu.

Mama Nasra
Laki mbili za kazi gani?

Farasi Mweusi
Sawa. Ni za kodi. Chumba na sebule, elfu 90 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo. Nina laki tano na arobaini kamili na hazijafika siku yake, zipo tu zimekaa. Nikishinda nalipa kodi na laki mbili zinabaki. Mke wangu nitamwambia Jumapili.

Mama Nasra
Jumapili baada ya mechi.

Kuna binti wa Uganda, Phiona Mutesi. Alianza kwenda kujifunza chesi pale Katwe kwa sababu watoto walikuwa wanapewa kikombe cha uji. Chesi ikamtoa. Wewe unauchukua uji wa watoto unaupeleka kwenye chesi. Nenda kadai laki yako leo, kabla haijawa mazoea.

Kibokoboko
Nakazia. Ila mimi nataka kuona hiyo mechi.

Mwalimu wa Zamu
Ya kodi namwachia Mama Nasra. Mimi kuna kitu kinanisumbua. Mnacheza kwenye simu, kila mtu na bando lake? Au mnakaa pamoja?

Farasi Mweusi
Pamoja, dukani kwake. Tunacheza ubaoni. Saa ni ya simu, inawekwa katikati.

Mwalimu wa Zamu
Aisee. Na hili ndilo ulitakiwa kuanza nalo. Umewahi kucheza blitzi ubaoni?

Farasi Mweusi
Si sana. Nilicheza shuleni, bila saa. Lakini chesi ni ileile.

Mwalimu wa Zamu
Si ileile hata kidogo. Kwenye simu dakika ya mwisho unafanyaje? Unatuma hatua kabla mwenzio hajacheza, haikuli hata sekunde. Ubaoni hilo halipo. Lazima usubiri acheze, uone, unyooshe mkono, uweke kete, kisha mkono uleule ulioshika kete ndio ubonyeze saa. Kila hatua inakula sekunde moja na zaidi hata kama jibu unalo tangu jana. Ukiangusha kete unaisimamisha kwa muda wako mwenyewe. Ukigusa umecheza, kwa hiyo ile tabia ya kushika farasi huku unafikiria itakugharimu farasi. Na macho: miaka yote umeangalia picha bapa, ghafla kete zina vimo na ngome inamficha askari nyuma yake. Wiki ya kwanza unakuwa kama kipofu.

Huyo mwenye duka anacheza ubaoni mara ngapi?

Farasi Mweusi
Kila Jumapili. Dukani kwake kuna ubao.

Kibokoboko
Na ni nani aliyependekeza mcheze ubaoni?

Farasi Mweusi
Yeye. Lakini mimi ndiye nilikataa nyongeza ya sekunde, kwa hiyo tumeachiana.

Msee wa Rongai
Wueh. Yaani kitu pekee kingekuokoa ndio ulikataa? Huyo jamaa alikusoma kabla hata mkae chini.

Sikanyagi Chai
Samahani wakuu, nimesoma kutoka juu. Hivi nyie wote mnacheza Lichess kweli?

Jamaa kasema alikuwa na malkia na ngome, mpinzani kabaki na mfalme, akafungwa kwa muda. Haiwezekani. Muda wako ukiisha na mwenzako ana mfalme peke yake, mfumo unatoa sare, maana mfalme mtupu hawezi kumpiga mtu mati, yaani kumtishia mfalme wake akose pa kukimbilia. Ni sheria ya chesi popote. Mtu aliyecheza tangu 2020 hawezi kutojua hilo.

Hii ni chai. Haina hata tangawizi. Hakuna duka, hakuna kodi, hakuna protekta.

Kibokoboko
Duh. Nilikuwa nishaanza kumwonea huruma mwenye nyumba.

Drafti Kwanza
Kwenye drafti huwezi kudanganya hivi, vizibo vinahesabika.

Bin Seif wa Maskati
Huenda kasahau. Mtu akiwa na hasira hukumbuka kidogo.

Farasi Mweusi
Sina cha kuwadanganya. Kulikuwa na askari wake mmoja pembeni, kule safu ya h, sikumtaja kwa sababu alikuwa hana maana yoyote, hatembei, mfalme wangu kamzibia njia. Kwangu mimi alikuwa na mfalme tu.

Sikanyagi Chai
Askari kazaliwa leo. Lete linki ya gemu.

Farasi Mweusi
Linki ina jina langu la kule, na huyo mwenye duka naye ni mtu wa kuperuzi humu. Akiona ninavyolia hapa Jumamosi ananimaliza kabla ya kukaa. Nitaandika hatua za mwisho. Yeye: mfalme g6, askari h5. Mimi: mfalme h4, malkia e5, ngome a1. Zamu yangu, sekunde 9. Nilicheza cheki ya ngome g1, yaani kumtishia mfalme wake, akaenda f7. Cheki ya ngome f1, akarudi g6. Tena g1. Tena f1. Muda ukaisha.

Mwalimu wa Zamu
Nimeipanga. Sikanyagi, hii si chai, mtu anayetunga hawezi kutunga makosa ya aina hii. Huyo askari asiye na maana ndiye aliyekupotezea gemu: akiwepo yeye, muda wako ukiisha umefungwa. Ungemtoa, mabaya yote yangeishia sare. Na alikuwa wa bure. Tangu zamu ya kwanza malkia wako wa e5 anamtazama kwenye mstari uleule, katikati hakuna kitu. Malkia anamla h5, ni cheki papohapo, na mfalme wake hawezi kumla malkia kwa sababu mfalme wako yuko h4 anamlinda. Hatua moja, sekunde moja. Ulichofanya wewe ni kutoa cheki nne za kujifariji.

Farasi Mweusi
Nilikuwa naogopa kumkwamisha, yaani akose hatua ya kucheza bila kuwa kwenye cheki, ikawa sare.

Mwalimu wa Zamu
Ulikuwa unakaribia kufungwa ukawa unaogopa sare?

Kazi ya siku hizi zilizobaki ni hii, gambiti iache kama ilivyo. Weka malkia na ngome dhidi ya mfalme, cheza na kompyuta, jipimie sekunde 15, mara 20. Mati ya ngazi: mmoja anafunga mstari, mwingine anafunga unaofuata, unamsukuma mpaka ukingoni. Usifikirie, panda ngazi. Ukiiweza, malkia peke yake. Ukiiweza, ngome peke yake kwa sekunde 30.

Sikanyagi Chai
Nimeipanga na mimi. Inakaa. Naondoa neno chai, ila ya laki mbili bado siamini.

Farasi Mweusi
Nimempigia jamaa mchana kuomba iwe 3+2. Kakubali haraka kuliko nilivyotegemea, ila anasema kama tunabadilisha masharti basi iwe laki tatu tatu.

Mama Nasra
Ukamjibuje?

Farasi Mweusi
Sijamjibu.

Mama Nasra
Na mkeo?

Drafti Kwanza
Duka liko mtaa gani? Nitakuja na benchi langu.

Farasi Mweusi
Mwalimu, nimefanya ile ya sekunde 15. Kati ya 20 nimemaliza 7.

Mwalimu wa Zamu
Kwenye simu au ubaoni?

Farasi Mweusi
Kwenye simu.